Swali la Mwezi wa Shabani: Mhudumu wa Hoteli Garissa Aondoke Lini?

Hoteli ya Garissa haiendi na kalenda ya ukutani. Mwaka wake una kona zake: Ramadhani, mafuriko ya Tana, Jumatano ya soko la mifugo, na zile siku chache za mwisho wa mwezi ambapo mishahara ya serikali imeingia na watu wanaagiza nyama bila kuuliza bei. Mhudumu anayeacha kazi bila kuzitazama kona hizo hujikuta na begi mkononi wiki ambayo hakuna anayeajiri, au barabara ya Nairobi imekatwa na maji pale Tula na basi halivuki.

Hoteli inayozungumzwa hapa si mahali pa kulala. Ni hoteli kwa maana wanayoijua Wakenya: meza, birika kubwa la chai, na mtu aliyeketi kaunta akihesabu noti. Iftin, mojawapo ya wadi nne za Garissa Mjini pamoja na Waberi, Galbet na Township, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jina lenyewe ni la Kisomali, maana yake nuru, na katika hoteli za huko taa za jikoni huwaka kabla ya adhana ya alfajiri. Asubuhi ni chai ya maziwa, anjera na maini. Mchana ni wali na nyama ya mbuzi, au pasta, na ndizi mbivu kando ya sahani. Jioni chai inarudi tena, na wanaotafuna miraa hukaa na birika moja hadi usiku. Haya yote hutokea katika mji ambao Februari na Machi joto lake hupita nyuzi 36, na jikoni hakuna anayepima.

Anayeitwa weita kwenye orodha ya mishahara huitwa jina jingine mezani: Warya! Ni mwito wa Kisomali wa kumwita kijana au mwanamume, na wateja wengi huutumia bila dharau yoyote, ingawa mgeni aliyetoka Mwingi anaweza kumaliza mwezi mzima kabla ya kuacha kuudhika. Mteja yule yule akitaka kuongezewa supu, warya hugeuka walaal, ndugu yangu. Mwito huo si sababu ya kuacha kazi. Sababu ziko kwingine, na nyingi zinaonekana mapema kwa anayejua pa kutazama.

Pa kwanza pa kutazama ni mwezi wa Shabani, unaoitangulia Ramadhani.

Ramadhani inapoingia, hoteli nyingi za Garissa hufunga milango mchana. Kifungua kinywa hakipo, chakula cha mchana hakipo, chai ya saa kumi haipo. Kazi yote husukumwa usiku: futari, kisha chai baada ya tarawehe, kisha daku. Ni saa chache zenye vurumai, na tajiri, yaani mwenye hoteli, anayehitaji wahudumu wanane miezi mingine anaweza kuamua kwamba wanne wanatosha. Waliobaki wanaambiwa warudi baada ya Idd. Wengine hurudi na kukuta nafasi imejazwa.

Kwa hiyo swali liulizwe Shabani, tena wiki zake za kwanza, wakati tajiri bado hajapiga hesabu zake. Mhudumu amwulize mambo matatu waziwazi: nani atabaki kazini Ramadhani, atalipwa kwa siku nzima au kwa saa za usiku tu, na anayefanya daku ataruhusiwa kulala mpaka saa ngapi. Tajiri mwenye mpango atajibu, hata jibu likiwa chungu. Anayesema "tutaona" mwaka wa kwanza anaweza kuvumiliwa. Akisema "tutaona" mwaka wa pili, mhudumu ana wiki mbili au tatu za kutafuta kwingine kabla ya mwezi kuandama, na azitumie.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haitaji Ramadhani, lakini ina la kusema. Masharti ya kazi yakibadilishwa, malipo na saa zikiwemo, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi na kumwarifu mabadiliko hayo kwa maandishi. Kuambiwa mlangoni jioni ya mwandamo kwamba mshahara umekuwa nusu si kushauriana.

Anayepanga akiba yake akumbuke pia kwamba mwezi huu unahama. Kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11: mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi, mwaka 2026 wiki ya tatu ya Februari. Mwaka 2030 itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa mhudumu, mwaka huo mapato yataanza kupungua mara mbili, na ni vyema ajue leo.

Aliyedhani usiku wa Ramadhani ni pato la uhakika alifunzwa na mwaka 2020. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, na Ramadhani ikaingia mwezi uliofuata: watu wafuturu nyumbani, na saa za tarawehe na daku mitaa iwe mitupu. Mandera ilifungwa isiingie wala kutoka mtu kuanzia Aprili 22. Waliokimbilia Eastleigh, Nairobi, ambako jamaa na mahoteli ni tele, walikutana na amri ya Mei 6 iliyofunga mtaa huo pamoja na migahawa yake. Hakuna mwongozo unaoweza kutabiri jambo kama hilo. Lakini mhudumu aliyekuwa na akiba ya kula mwezi mmoja aliweza kuchagua pa kukaa, na asiyekuwa nayo alikwama alipokuwa.

Hesabu ya siku 90

Watu wengi huacha kazi ya hoteli kwa sababu ya siku moja mbaya. Mpishi amefoka, sahani tatu zimeanguka, mteja amerusha maneno mbele ya watu, aproni inatupwa kaunta na mtu anatoka. Siku kama hizo ni za kazi yenyewe na zitamfuata hadi hoteli nyingine. Njia bora ni kununua daftari dogo na kuandika kila usiku kwa siku 90 mambo manne: saa ya kuingia, saa ya kutoka, pesa alizopewa, pesa alizokatwa. Hasira haiandikwi.

Chukua mfano wa mhudumu anayelipwa shilingi 600 kwa siku. Anafika saa kumi na moja alfajiri, anatoka saa tatu usiku. Hata akihesabiwa saa tatu za kula, kuswali na kuegemea ukuta, amefanya kazi saa 13. Siku sita ni saa 78. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kazi kuwa saa 52 katika siku sita, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu; za siku ya mapumziko na sikukuu hulipwa mara mbili. Huyu anatoa saa 26 za ziada kila wiki, na kwa kila saa aliyosimama anapata takriban shilingi 46. Akishaiona namba hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe, ataweza kuilinganisha na kazi ya mjengo, ya kupakua mizigo, au ya hoteli ya jirani.

Kuna jambo moja la ajabu katika amri hiyo. Mhudumu wa hoteli hakuwekwa na makarani wala na wauzaji wa duka. Yumo safu moja na mpishi, turnboy wa lori, mchimba madini na mvunja mawe. Aliyewahi kubeba sinia la watu wanane mwezi Machi hatabisha. Viwango vyenyewe hutofautiana kwa mji: kuna vya miji mikuu kama Nairobi na Mombasa, vya zilizokuwa manispaa, Garissa ikiwemo, na vya miji mingine midogo. Vilipandishwa kwa asilimia 12 mwaka 2022, na kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Kiwango cha sasa huulizwa katika ofisi ya kazi ya kaunti, na kuuliza si kushtaki.

Safu ya makato ndiyo huumiza zaidi. Mteja amekula kwa shilingi 1,200 akatoka na mlango wa nyuma. Bili inawekwa kichwani mwa mhudumu, na siku mbili za jasho zimeondoka. Wengi hudhani ndivyo sheria ilivyo. Sivyo. Sheria ya Ajira inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Pengo la fedha linaweza kukatwa tu ikiwa mkataba unasema wazi kwamba mtu huyo amekabidhiwa kupokea na kutunza fedha, na pengo lenyewe limetokana na uzembe au udanganyifu wake. Kikombe kilichoteleza kwenye sakafu yenye maji si makusudi. Na makato yote yakijumlishwa, yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Baada ya siku 90 daftari litakuwa limesema. Makato yakiwa yanapanda kila mwezi, au malipo ya mwisho wa mwezi yamehama kutoka tarehe 1 hadi tarehe 9 hadi tarehe 17, kinachoonekana si ukali wa tajiri. Ni hoteli inayozama.

Dalili nyingine za kuzama ziko jikoni, na mhudumu huziona kabla ya mtu yeyote. Makaa yaliyokuwa yakiletwa kwa magunia sasa yananunuliwa kwa debe. Mama anayeleta maziwa ya ngamia, ambaye alikuwa akilipwa kila Ijumaa, sasa hatui mtungi mpaka aone pesa. Mbuzi mzima amegeuka kilo tano. Menyu ya ukutani haijabadilika lakini jibu la kila agizo ni "imeisha". Mhudumu akiyaona haya mawili au matatu kwa pamoja, asisubiri kutangaziwa. Hoteli ikifungwa ghafla, wa kwanza kulipwa huwa mwenye nyumba na mwenye maziwa. Wahudumu hungoja.

Tajiri anapokuwa ami

Hapa ndipo miongozo ya kuacha kazi iliyoandikwa London au Chicago haimfai mtu wa Iftin. Huko, mtu huandika barua, huiacha mezani, huondoka. Garissa, mwenye hoteli anaweza kuwa adeer, yaani ami, kaka wa baba. Au abti, mjomba. Au mtu wa ukoo aliyemlipia karo ya darasa la nane. Mshahara wenyewe mara nyingine haujulikani vizuri: kuna pesa taslimu, kuna kula na kulala, kuna ada ya mdogo wake iliyolipwa Januari, na kuna deni la heshima lisiloandikwa popote.

Wengine katika hali hii hukaa miaka mingi kwa haya. Wengine hutoroka usiku, simu imezimwa, na nyumba mbili zinaacha kusalimiana. Kuna njia ya katikati, na inaanza kwa kutenganisha hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kazi: siku, saa, mshahara. Ya pili ni ya ujamaa: karo, matibabu ya mama, nauli. Ya pili haiishi kwa kuacha kazi, na mhudumu asijaribu kuifanya iishe. Aseme hivyo waziwazi, kwamba anaacha meza lakini haachi nyumba.

Halafu apeleke habari kwa mpangilio unaojulikana. Amwendee kwanza mzee anayeheshimiwa na wote wawili, mara nyingi baba au shangazi, amweleze sababu moja tu na tarehe moja tu. Sababu nyingi huonekana kama malalamiko. Mzee akishamfikishia tajiri, mhudumu aende mwenyewe, baada ya swala ya alasiri kaunta ikiwa imetulia, si saa saba mchana wali unapotoka. Karatasi ije mwisho. Ami akiuliza kwa nini ameandikiwa kama mgeni, jibu la kweli lipo: pande zote mbili zinahitaji kumbukumbu ya tarehe.

Ambaye hana ami mjini ana mdhamini. Wahudumu waliotoka Kitui, Meru au kwingineko, ile sehemu ambayo watu wa Kaskazini Mashariki huiita "down Kenya", mara nyingi waliingia hotelini kwa neno la mtu: binamu mpishi, fundi wa nyumbani kwao, jirani wa Madogo ng'ambo ya daraja. Kisomali humwita damiin, na Mswahili analisikia neno lake mdhamini humo humo. Mdhamini asipoambiwa kwanza, hasara inamwangukia: tajiri atamdai hata sahani zilizopotea, na kijana mwingine kutoka kijiji kile hataajiriwa. Garissa ni mji wa kunywa chai. Matajiri wanane wa hoteli hukutana katika kikao kimoja, na kufikia magharibi wote wanajua nani aliondoka na vipi.

Uwezo huo wa habari kusafiri unafanya kazi pande zote. Tajiri anayewalaza watu njaa naye anajulikana. Mhudumu anayetafuta kwingine asiulize kaunta ya hoteli mpya. Aulize wanaoosha vyombo nyuma.

Siku ambayo notisi haisubiriwi

Kuna mambo machache ambayo hayahitaji daftari la siku 90, wala mzee wa kupatanisha.

La kwanza ni mkono wa tajiri, meneja au mteja unaogusa usipotakiwa, au ahadi ya zamu nzuri yenye bei ya mwili. Sheria ya Ajira inalitaja hili kwa jina lake na kuwataka waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi wawe na sera ya maandishi. Hoteli nyingi hazifiki 20, lakini kosa halihesabiwi kwa idadi ya watu. Mhudumu, hasa msichana, atoke kwanza, aandike tarehe na saa, amwambie mtu mmoja siku hiyo hiyo, kisha aende ofisi ya kazi au polisi.

La pili ni hatari ya roho, na Kaskazini Mashariki si neno la kutisha watoto. Aprili 2013 watu wenye silaha walivamia hoteli ya chakula mjini Garissa wakati wa jioni na kuua watu kadhaa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Oktoba 2016 watu 12 waliuawa katika nyumba ya wageni mjini Mandera. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo. Mwalimu ana tume ya kumhamisha. Mhudumu ana miguu yake.

Mji umekuwa na utulivu mwingi tangu wakati huo, na kuondoka kila uvumi unapopita ni kujifilisi. Lakini tahadhari rasmi ikitolewa, au mlinzi wa mlangoni akiondolewa ili kupunguza gharama, au mhudumu akitakiwa kulala peke yake hotelini kulinda friji, ana haki ya kusema hapana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwenye mahali pa kazi kumlazimisha arudi kabla haijaondolewa. Hiyo inahusu pia mtungi wa gesi unaovuja na waya uliochunika juu ya sinki.

La tatu ni mshahara usiolipwa kabisa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, mwaka 2015, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coca-Cola, ilieleza kanuni ya mfanyakazi anayelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri amevunja nguzo ya mkataba: anahesabiwa kama aliyefukuzwa. Masharti ni kwamba aondoke kwa sababu hiyo, na asikae muda mrefu kana kwamba ameridhika. Kwa lugha ya hoteli: anayesimama miezi sita bila mshahara, akicheka na tajiri, anaudhoofisha mkono wake mwenyewe.

Karatasi, pesa na barabara

Tuseme uamuzi umefanyika. Notisi inategemea namna ya kulipwa. Kibarua wa siku anaweza kuondoka jioni yoyote. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, au alipe mshahara wa siku hizo badala yake. Hapa wengi hunaswa, kwa sababu wanaitwa vibarua miaka nenda miaka rudi. Sheria inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa wa mwezi. Hilo linampa wajibu wa notisi, na linampa haki pia.

Barua haihitaji wakili wala Kiingereza. Inatosha: "Kwa heshima, ninatoa notisi ya siku 28 kuanzia tarehe hii. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe fulani. Naomba nifanyiwe hesabu ya mshahara, siku za likizo zilizobaki, na nipewe cheti cha utumishi." Jina, sahihi, tarehe. Ipigwe picha kabla ya kukabidhiwa. Na ikabidhiwe baada ya mshahara wa mwezi kuingia, kwa sababu tajiri aliyeudhika hukumbuka ghafla vikombe vyote vilivyowahi kuvunjika.

Hesabu ya likizo husahaulika kuliko zote. Mfanyakazi ana haki ya siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na akiondoka kabla ya mwaka kutimia, siku 1.75 kwa kila mwezi kamili aliofanya, mradi ametimiza miezi miwili. Yule wa shilingi 600, akiwa amekaa miezi minane bila likizo, anadai siku 14, yaani shilingi 8,400. Ni nauli ya Nairobi na kodi ya chumba. Ambaye hakuwahi kukatiwa michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF anaweza pia kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka, na mahakama mara nyingi hutumia kipimo cha siku 15. Akatazame kama pesa za NSSF na za bima ya afya ya SHA zilizokatwa kwenye mshahara zilifika kweli. Kukatwa na kuwasilishwa ni mambo mawili.

Cheti cha utumishi ni haki ya kila aliyefanya kazi kuanzia wiki nne. Kinataja jina, kazi, mahali, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Hakilazimiki kumsifu mtu. Sifa huombwa kando, kwa mdomo, pengine kutoka kwa mpishi mkuu ambaye atapokea simu. Cheti cha afya cha wanaogusa chakula, kile kinachopimiwa upya kila miezi sita, ni mali ya mhudumu hata kama tajiri ndiye aliyelipia kipimo. Kisiachwe kimetundikwa ukutani.

Tajiri akikataa kulipa, malalamiko ya kuachishwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, na mahakamani kabla ya miaka mitatu kwisha. Chama cha KUDHEIHA huwatetea wafanyakazi wa hoteli. Daftari la siku 90 ndilo litakalosomwa hapo.

Kuhusu pa kwenda, Eastleigh ina hoteli zinazopika vyakula vile vile na kumhitaji anayejua Kiswahili na Kisomali cha mezani, lakini kodi ya chumba humeza tofauti ya mshahara. Anayetamani Doha au Dubai ahakikishe wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na asome mkataba kabla ya kuuza mbuzi. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi, na tangu 2021 ina kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi. Deni la wakala huweza kula miezi mingi ya riyali hizo. Na wapo wanaobaki Iftin na kufungua chai yao wenyewe. Kwa hao, miezi miwili ya mwisho itumike kaunta na sokoni, kujifunza bei ya sukari na jina la anayeleta maziwa.

Barabara nayo iulizwe. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilipofurika, njia ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika, na mwishoni mwa Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo ilizama na kuua. Siku ya mwisho kazini isipangwe katikati ya mvua kwa mtu ambaye kwao ni ng'ambo ya mto. Mwezi wa Shawwal, baada ya Idd, hoteli zinafunguliwa upya na kuajiri. Ukiangukia msimu mkavu, ni wakati mzuri kuliko wote.

Kabla ya hapo kuna kazi moja ambayo haimo katika sheria yoyote: daftari la madeni. Kila mhudumu ana wateja wake wa kudumu wanaokula kwa mkopo, dereva wa lori, kijana wa benki, mwalimu anayesubiri mshahara, na tajiri anawajua kwa jina la mhudumu, si kwa majina yao. Wiki ya mwisho awapitie mmoja mmoja, walipe au wakubali deni mbele ya kaunta. Kinachobaki kiandikwe ukurasa mmoja, jina, kiasi na namba ya simu, tajiri atie sahihi chini, na mhudumu aupige picha kabla ya kurudisha aproni.